Daftari la Rambirambi na Hesabu ya Wema



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuyaacha kidogo masomo ya Dominika ili tushughulikie swali ambalo vijana wetu wa vyuo wametuletea zaidi ya mara moja baada ya Misa, wakilitoa kwa sauti ya chini kana kwamba ni dhambi kuliuliza. Wanasoma biolojia na saikolojia. Wamefundishwa kwamba mama anayekesha na mtoto mgonjwa, jirani anayekimbilia nyumba inayoungua, hata mtawa anayewaosha wagonjwa wasio ndugu zake, wote wanasukumwa na silika zilizojengeka katika mababu zetu wa kale kwa sababu zilikuwa na faida kwa kizazi chao. Sasa wanauliza: ikiwa ndivyo, je, upo wema wa kweli duniani, au kuna ubinafsi mtupu uliovaa kanzu nyeupe?

Tusianze kwa kukemea. Mwaka 1950 Papa Pius XII, katika waraka wake Humani generis, aliwaachia wataalamu nafasi ya kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Na tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wajumbe wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe ilikwisha kuwa zaidi ya dhana tu. Basi tunaweza kuwasikiliza wataalamu hawa kwa masikio yote mawili, kisha tuone wametufikisha wapi.

Mtu aliyelitambua tatizo mapema alikuwa Charles Darwin mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alikiri kwamba wadudu vibarua wasiozaa walimtia mashaka makubwa. Nyuki kibarua kwa kawaida hana mtoto. Hutumika mpaka kufa, na akimchoma mnyama mwenye ngozi nene mwiba wake hunasa naye hufa. Kama maumbile huwapendelea wale wanaoacha wazao wengi, tabia ya kiumbe huyu ilirithiwa kutoka kwa nani? Darwin alijibu kwamba faida yake huiendea jamaa nzima. Mwaka 1871 aliongeza kwamba kabila lenye watu wengi walio tayari kujitoa kwa ajili ya wote lingelishinda kabila la wabinafsi. Lakini, kwa unyofu wake, aliona pia ugumu uliobaki: ndani ya kabila hilo hilo mashujaa ndio wanaotangulia kufa, na waoga ndio wanaobaki kulea watoto.

Hesabu yenyewe ilisubiri zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1964 kijana Mwingereza, William Hamilton, mpweke kiasi kwamba nyakati nyingine alikwenda kuandika katika kituo cha treni cha Waterloo, London, ili tu awe karibu na watu, alichapisha kanuni ambayo leo hubeba jina lake. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana, kwa wastani, nusu ya vinasaba walivyorithi. Mabinamu, sehemu moja ya nane. Tabia ya kumsaidia mwingine kwa hasara yako inaweza kuenea ikiwa faida anayoipata yule mwingine, ikizidishwa kwa kiwango cha udugu wenu, inaipita gharama unayoilipa wewe. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hamilton aliutafutia uzito huo mizani. (Januari 2000 mtu huyu alisafiri hadi Congo kuchunguza dhana fulani kuhusu chanzo cha virusi vya UKIMWI, dhana ambayo tafiti za baadaye ziliikataa. Alirudi Uingereza na malaria, akalazwa, na mwezi Machi akafariki.)

Hapa ndipo vijana wetu wanapojikwaa, nasi tungependa wakae hapa kidogo kabla ya kukimbilia mbele. Sababu ya tabia kuwepo duniani si sawa na sababu iliyomo moyoni mwa anayetenda. Ulimi wetu hupenda asali kwa kuwa mababu walioipenda walipata nguvu wakaishi. Lakini mtoto anayelamba asali hafikirii habari za nguvu, anafurahia utamu, na utamu huo ni wa kweli. Vivyo hivyo mama anayekesha. Hapigi hesabu ya nusu wala ya robo. Hesabu, kama ilipigwa, ilipigwa vizazi vingi kabla hajazaliwa, na kilichomfikia yeye ni upendo. Anayesema kwamba mama huyo ni mbinafsi amechanganya historia ya moyo na moyo wenyewe. Nasi tuliofundishwa kwamba neema hujenga juu ya maumbile wala haiyabomoi, hatuna sababu ya kushtuka tukiambiwa kwamba maumbile hayo yana historia ndefu.

Tena historia hiyo, katika sehemu moja muhimu, imesomwa hapa kwetu. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hata leo huishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini. Kuanzia miaka ya 1980 mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakihesabu saa na kupima vyakula. Walichokiona ni kwamba bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa hawakupumzika: walichimba mizizi migumu kwa fimbo, saa nyingi kwa siku. Na mama alipojifungua mtoto mchanga, akapungukiwa na nafasi ya kwenda porini, afya ya yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa ilitegemea kazi ya bibi. Kutoka hapo likazaliwa wazo kwamba huenda wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi waliwaokoa wajukuu. Mwaka 2009 Sarah Blaffer Hrdy alilipanua wazo hilo katika kitabu kizima: kwamba binadamu ni kiumbe ambaye mtoto wake, tangu zamani sana, alilelewa na mikono mingi, na kwamba huko ndiko tulikojifunza kusoma nyuso na kuhisi moyo wa mwenzetu. Sisi tuliolelewa na bibi tunalipokea jambo hili bila kuhitaji majedwali.

Lakini je, wasio ndugu? Mwaka 1971 Robert Trivers alitoa jibu la pili: nisaidie leo, nitakusaidia kesho. Mwaka 1984 Gerald Wilkinson alichapisha aliyoyaona huko Costa Rica kwa popo wanyonyao damu. Popo wa aina hiyo akikosa chakula kwa siku mbili au tatu hufa. Naye aliyeshiba humtapikia mwenzake aliyelala njaa, hata asiye wa ukoo wake, hasa wale waliozoeana kulala pamoja. Mfano haupendezi mezani, tunakiri, lakini waumini wetu watautambua upesi, kwa maana kila jumuiya ndogo ndogo ya parokia hii ina kauntabuku.

Ndani ya daftari hilo majina yamepangwa upande wa kushoto, na misiba imepangwa juu. Aliyechanga huandikiwa kiasi alichotoa. Asiyechanga huandikiwa sifuri. Siku ya msiba wako daftari hufunguliwa. Tumesikia wageni wakilicheka, wakisema Wakristo gani hawa wanaoandika upendo kwa kalamu. Sisi hatulicheki. Daftari hilo limezika wengi kwa heshima ambao jamaa zao hawakuwa na nauli ya kufika.

Wala si kwetu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la wataalamu, akiwamo Joseph Henrich, walikwenda katika jamii ndogo 15 duniani na kuwachezesha watu michezo ya kugawana fedha halisi na mtu wasiyemjua. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2001: hakuna hata jamii moja iliyotenda kama vitabu vya uchumi vilivyotabiri, yaani kila mtu ajichukulie kadiri awezavyo. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao hakuna anayeweza kumvua nyangumi peke yake, walimpa mwenzao zaidi ya nusu. Wahadzabe, ambao hugawana nyama mbele ya macho ya kambi nzima, walitoa kidogo walipocheza kwa siri. Na huko Tana River, Kenya, Jean Ensminger alipowaeleza Waorma mchezo wa kutia fedha katika chungu cha pamoja, kisha chungu hicho kuongezwa na kugawiwa wote sawasawa, hata wasiotia kitu, mara moja waliupa jina: mchezo wa harambee. Walikwisha kuujua kwa michango ya shule. Wakatia zaidi ya nusu ya walichopewa.

Hata watoto wadogo wamechunguzwa. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, huko Ujerumani, walionyesha kwamba mtoto wa miezi 18, akimwona mtu mzima asiyemfahamu ameangusha kitu na hakifikii, mara nyingi humwokotea bila kuombwa wala kupewa zawadi. Tunawaachia wazazi waamue kama hilo lilihitaji maabara.

Mpaka hapa habari ni njema. Lakini tungekuwa wadanganyifu tukiishia hapo, kwa kuwa wataalamu hao hao wametuonyesha upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2007 Jung-Kyoo Choi na Samuel Bowles walionyesha kwa mifano ya kompyuta kwamba ukarimu kwa watu wa kundi lako na uadui kwa watu wa nje vingeweza kukua pamoja, kila kimoja kikikilisha kingine, kwa njia ya vita vya makundi ya kale. Ilhali kila kimoja peke yake kingekuwa na shida ya kusimama. Jina waliloupa ukarimu huo kwa Kiingereza limetoka katika mzizi ule ule tulikopata neno letu “parokia”. Sisi tunaoishi kwa neno hilo tulilisoma mara mbili. Upendo wenye uzio, unaojua vizuri nani yumo na nani hayumo: ndio wanaouita upendo wa kiparokia.

Hatuhitaji kompyuta kutuonyesha unakoweza kufika. Mwaka 1994, jirani yetu Rwanda, watu waliokuwa wakisaidiana kulima na kuzikana waliwaua majirani zao, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Machi 2017 Papa Fransisko, alipokutana na Rais wa Rwanda, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Wauaji wengi hawakuwa watu wasiojua kushirikiana. Walishirikiana sana.

Katika siku hizo hizo, mjini Gisenyi, alikuwapo Félicité Niyitegeka, mlei aliyejiweka wakfu kama Msaidizi wa Utume, aliyesimamia nyumba ya Kanisa. Alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi waliomkimbilia, na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Congo. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe atoke ili aokoke. Alimjibu kwa barua kwamba hawezi kujiokoa na kuwaacha watu alionao. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Rwanda imemweka katika orodha ya mashujaa wake wa taifa. Tumejaribu kuiweka habari yake katika kanuni ya Hamilton, nayo haikai. Aliyemwita alikuwa ndugu wa damu, na gharama aliyoombwa kukwepa ilikuwa uhai wake wote. Aliokaa nao hawakuwa na udugu wa karibu wala nafasi ya kumlipa kesho. Mtaalamu anaweza kusema kwamba silika iliyozaliwa kwa ajili ya jamaa imepita mipaka yake. Na iwe hivyo. Sisi tunauliza ni nini kilichoipitisha mipaka kwa mwanamke huyu, wakati kwa wengine wengi ilikomea uzioni.

Yupo mtu mwingine aliyesumbuliwa na swali hilo hilo hadi kufa, nasi hatuwezi kuliacha jina lake. George Price, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mwanakemia, asiyeamini Mungu, na mtu aliyekwisha kuiacha familia yake. Mwaka 1967 alihamia London. Huko aliisoma kazi ya Hamilton, akaihangaikia, na mwaka 1970 akachapisha mlinganyo mfupi ambao wanabiolojia wanautumia hata leo. Mlinganyo huo ulionyesha, pamoja na mengine, kwamba chombo kile kile kinachoweza kueleza wema kinaweza pia kueleza chuki: kumdhuru mwingine kwa hasara yako mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1970 Price aliongoka akawa Mkristo, na baada ya muda akaamua kuishi Injili bila punguzo. Alikwenda kwa walevi na wasio na makazi wa London, akawapa fedha, nguo na funguo za nyumba yake. Baadhi yao walimwibia. Mwishowe hakuwa na nyumba tena. Januari 1975, mgonjwa na mwenye huzuni nzito, alijiua akiwa na miaka 52. Katika mazishi yake walikuwapo baadhi ya wale maskini aliowasaidia, na pamoja nao wanabiolojia wawili mashuhuri, William Hamilton na John Maynard Smith.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba hesabu ndiyo iliyomuua, au kana kwamba ukarimu ndio uliomuua. Sisi hatupendi masimulizi hayo. Mtu yule aliugua, na wagonjwa wa namna ile tunao pia katika vigango vyetu. Katekisimu, namba 2283, inatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, na Kanisa huwaombea. Aliye katika giza kama hilo asibaki peke yake, aje, mlango hautafungwa. Lakini kuna jambo moja katika maisha ya Price tunalolitazama kwa muda mrefu: alitoa peke yake. Hakuwa na jumuiya ya kumwambia, kaka, leo pumzika, zamu yako imekwisha. Bibi wa Kihadzabe huchimba mizizi, lakini jioni hukaa motoni na watu wake.

Na hapa tunalirudia daftari, kwa sababu lina kesi ambayo haijakwisha.

Mwaka jana, katika jumuiya mojawapo ya parokia hii, baba mmoja alifiwa na binti yake. Familia ilikuwa imehamia mtaani miaka minne kabla. Daftari lilipofunguliwa, mbele ya jina lake kulikuwa na sifuri kumi na moja. Misiba kumi na moja, hakuchanga hata mmoja. Kwa sheria ya jumuiya hakustahili turubai, wala viti, wala sufuria, wala fungu la rambirambi. Tuliitwa. Mweka hazina, mama ambaye hajawahi kupotewa na shilingi moja ya watu, alituambia: “Baba Paroko, tukitoa leo, kesho nani atachanga?”

Tunaomba wasomaji wasimhukumu. Ernst Fehr na Simon Gächter, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2000 na 2002, walionyesha kwamba watu wakicheza mchezo wa chungu cha pamoja bila njia yoyote ya kumwadhibu asiyetoa, michango hushuka raundi baada ya raundi, kwa sababu hakuna anayependa kufanywa mjinga. Ikiwepo adhabu, michango hupanda. Yule mama hakuwa amewasoma Fehr na Gächter. Alikuwa ameziona jumuiya mbili zikifa kwa ugonjwa huo.

Tulikaa kimya, nao wakakaa kimya. Ndipo bibi mmoja mjane alipofungua fundo la kanga yake, akatoa noti ya shilingi elfu mbili, akaiweka mezani kando ya daftari, akasema: “Hii siyo ya daftari.” Wengine wakafuata. Vijana wakaenda kubeba turubai. Mweka hazina naye alitoa fedha yake mwenyewe, kisha akafungua ukurasa na kuziacha zile sifuri kumi na moja kama zilivyo.

Tangu siku hiyo ipo mivutano miwili. Mweka hazina anataka sheria ikazwe: asiyechanga mwaka mzima, jina lifutwe. Vijana wanataka mfuko wa pili, usio na majina, kwa ajili ya watu wasiostahili. Tumewaambia wajadili wenyewe Jumamosi baada ya sala ya jumuiya, na kwamba hatutawaamulia, maana watakaoishi na uamuzi huo ni wao.

Kuhusu yule baba, limejitokeza jambo ambalo halikutarajiwa na upande wowote. Misiba mitatu imepita tangu amzike binti yake. Hajachanga shilingi, kwa kuwa, kama tulivyokuja kufahamu, hana. Lakini katika misiba yote mitatu alifika alfajiri na jembe lake, akachimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho. Daftari halina mahali pa kuandika jembe. Juma lililopita mweka hazina alituletea kauntabuku hadi ofisini, akaufungua ukurasa ule, akatuuliza aandike nini.

Tunawatakia Dominika njema.